Mpishi Aliyeogopa Paka

Watu wa Mjimwema, hapa Songea, tulimwita Mama Mpishi, na nadhani wengi waliozesha binti zao na kuzika wazazi wao kwa chakula chake bila kulijua jina lake la ubatizo. Mwenye harusi alimfuata nyumbani kwake. Mwenye msiba hakuhitaji kumfuata, maana yeye akisikia kilio tu alichukua mwiko wake akaenda. Mwiko huo ulimfika begani, mpini wake umeiva kwa mafuta ya miaka mingi, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuushika hata kwa kumsaidia kuubeba.

Hakuonja chakula. Hilo ndilo lililonishangaza mwanzoni. Alifunua mfuniko kidogo, akainamisha uso kwenye mvuke, akanusa, kisha akasema, "Chumvi bado," au, "Toeni kuni mbili." Alikuwa mnene, mwenye hatua za polepole, na sauti ambayo haikupanda hata wageni wakiwa wamefurika na wali bado mbichi. Kanga moja aliivaa, nyingine aliizungusha kichwani. Akikaa kwenye kigoda chake mbele ya moto, wanawake wote jikoni walitulia.

Mimi nilikuwa nimeolewa Mjimwema na sijuani na mtu. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa michongoma. Siku moja aliniita kutoka upande wake, akaniuliza kama najua kumenya vitunguu bila kulia. Nikamwambia nalia. Akasema, "Basi njoo ulie na wenzako, kuliko kulia peke yako humo ndani." Nikaenda, na sikuacha tena kwenda naye, miaka na miaka.

Hakuwa mwoga. Kwenye harusi moja, vijana waliokunywa pombe ya ulanzi walianza kupigana karibu kabisa na mafiga, na wanaume wazima wakarudi nyuma. Yeye alisimama na mwiko wake, akapita katikati yao, akasema kwamba anayetaka kufa afe mbali na wali wa watu. Wakaondoka mmoja mmoja, vichwa chini. Siku nyingine, kwenye msiba kijijini Mpitimbi, nyoka alitoka ndani ya mzigo wa kuni. Sisi tulikimbia hadi barabarani. Tuliporudi tulimkuta anapeta mchele, nyoka amelala pembeni, kichwa kimepondwa.

Mwanamke huyo huyo alikuwa anaogopa paka.

Niligundua kwenye msiba mmoja. Kitoto cha paka, kidogo kuliko kiatu, kilipenya kati ya miguu yetu kikaenda kunusa maganda ya vitunguu. Nilimsikia akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti nyembamba.

"Mwanangu, kiondoe."

"Nini, Mama?"

"Hicho."

Nilitafuta nyoka. Nilipogeuka nilimwona amepanda juu ya gunia la mchele, na jasho linamtoka kama mtu wa malaria. Nikakibeba kile kitoto nikakipeleka nje. Aliposhuka alikaa kwenye kigoda chake, akautazama mlango kwa muda mrefu kabla ya kuushika tena mwiko.

Baada ya hapo niliona yote ambayo nilikuwa nayaona bila kuelewa. Kabla ya kukubali kazi aliuliza kama nyumba ile ina paka, akisema ni kwa ajili ya usafi, kwamba manyoya yanaingia kwenye nyama. Kila jikoni alimweka mtu mmoja wa kufukuza paka, na huyo alikula kabla ya wote. Alipotembea mtaani alipita katikati ya barabara, mbali na kuta. Kwangu hakuwahi kuingia, kwa sababu nilikuwa na paka wa kulinda mahindi ghalani. Alinizungumzisha kupitia juu ya ua wa michongoma, nami nikidhani ni mazoea yake tu. Ghala lake yeye lililiwa na panya kila mwaka. Mtu akimshauri afuge paka alijibu, "Panya anakula mahindi tu," na hakuendelea.

Jambo la kuchekesha ni kwamba paka walimpenda. Ili wasimsogelee, kila sherehe alitenga vichwa vya samaki na vipande vya utumbo, akawapa watu wakamwage mbali, mwisho wa uwanja. Paka wa Mjimwema walinenepa kwa mkono wake. Walijua harufu ya moto wake. Akianza tu kuwasha kuni mahali, ungewaona wanajipanga juu ya ukuta, wametulia kama wanakwaya wanaosubiri padri.

Watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ana jini, na majini na paka hawapatani. Wengine walisema aliwahi kurogwa na mke mwenza. Kwenye jumuiya yetu aliwaambia kwamba manyoya yanampa pumu, nao wakamwombea apone pumu. Alipokea maombi hayo ameinamisha kichwa. Nilipomuuliza mwenyewe alisema, "Kila mtu ana kitu chake," akanipa kitunguu kingine.

Tulicheka, lakini woga huo ulikuwa umemgharimu kitu kikubwa, nami sikukijua mpaka binti yake aliposhika mimba.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee. Aliolewa Tunduru, na kijana Mwislamu wa familia ya wakulima wa korosho, akasilimu. Mama Mpishi hakupinga. Alisema kijana ana macho ya kutazama chini mbele ya wakubwa, na hilo linamtosha. Alikwenda Tunduru siku ya harusi, lakini alirudi Songea siku ile ile, bila kula. Huku kwetu alisema aliugua njiani. Kule walisema amekataa chakula cha Waislamu. Baada ya hapo alialikwa, akatoa sababu, akaalikwa tena, akatoa sababu nyingine, mwisho hakualikwa. Binti alikuja Songea mara chache, akakaa siku chache, na mama na mwana walizungumza kama watu waliokutana hospitali.

Mimba ilichelewa sana, na ilipokuja ilikuwa na matatizo. Daktari akamkataza binti kusafiri, kwa hiyo hakuweza kuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi. Akapiga simu. Mama Mpishi aliniita baadaye, nikaenda kwake, nikamkuta amekaa na simu mapajani.

"Amesema hanilazimishi," aliniambia. "Amesema, 'Mama, najua kwetu hupapendi, nitasaidiwa na mama mkwe.' Anadhani nimemkataa kwa sababu ya dini."

"Na si hivyo?"

"Nyumba ile ina paka. Siku ya harusi nilikuwa nimeketishwa, nikapewa maji ya kunawa, nikahisi kitu kinapita miguuni. Sijui hata nilitokaje. Nilijikuta stendi."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Mimi ninayepakua wali wa watu mia tano, nimwambie nimekimbia paka?"

Kisha alinieleza, huku anaitazama ile simu, jambo ambalo nadhani hakuwa amemweleza mtu. Alikuwa mtoto mdogo Mpitimbi, na alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Siku moja mama yao alikwenda shambani, akamwachia mtoto. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi yetu ya mwezi wa saba haina huruma. Paka wa bibi yao alikuwa analia mlangoni.

"Nikamfungulia. Nilimwonea huruma. Akaenda kujilaza kwa mtoto, palipokuwa na joto. Mimi nikatoka nje kuota jua, nikacheza. Mama aliporudi mtoto ameshakufa, na paka yuko kifuani pake. Bibi akasema paka amemnywa pumzi. Walimpiga yule paka mpaka akafa. Mimi hakuna aliyenigusa. Hakuna hata aliyeuliza nani alifungua mlango."

Nilimuuliza kama kuna mtu wa siku zile aliye hai. Akasema yupo mama yake mdogo, huko huko Mpitimbi, mzee sana, ila kumbukumbu anazo. Nikamwambia twende.

Tulimkuta yule bibi ameketi juani kwenye mkeka, anapukuchua mahindi kwa vidole vilivyopinda. Mama Mpishi alipiga goti. "Shikamoo, mama mdogo." Bibi akaitikia, akatuuliza habari za mjini, za mvua, za bei ya mbolea. Ilichukua muda kufika tulikokuwa tunakwenda. Hatimaye Mama Mpishi akamuuliza kuhusu yule mtoto.

"Yule wa mwisho wa dada?" bibi akasema. "Alikuwa mgonjwa yule. Siku kadhaa alikuwa mgonjwa. Kifua kinabonyea kila akivuta pumzi, hanyonyi. Siku hizi mngesema nimonia."

"Mgonjwa kabla ya paka?"

"Paka gani?"

"Bibi alisema paka alimnywa pumzi."

Yule bibi aliweka gunzi chini. "Mama yangu alikuwa na uchungu. Mtoto akifa, watu wanatafuta wa kumpiga. Mungu huwezi kumpiga fimbo. Paka unaweza. Lakini dada alijua. Asubuhi ile alipokuwa anaondoka, nguruwe pori wanamaliza mahindi na hana namna, alimbusu yule mtoto kama mtu anayeaga. Mimi nilimwona."

Mama Mpishi akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeungama, "Mlango nilifungua mimi, mama mdogo."

"Ulifanya vizuri," bibi akamwambia. "Kulikuwa na baridi." Akachukua hindi lingine akaendelea kupukuchua.

Tulitembea hadi barabarani. Alilia njia nzima, analia bila sauti, anapangusa uso kwa pindo la kanga, na kila mara anasema anajisikia mwepesi. Nami niliamini kwamba yamekwisha. Tulipofika Mjimwema paka wangu alikuwa amekaa juu ya nguzo ya geti. Mama Mpishi alimwona, akarudi nyuma vile vile kama zamani. Alinishika mkono hadi nikaumia. Alipopata pumzi alisema kwa hasira, na hasira ilikuwa juu yake mwenyewe, "Akili imesikia. Ngozi haijasikia."

Hapo ndipo nilipomkumbusha maneno yake. Wasichana wapya jikoni huogopa moto mkubwa wa sherehe, ule unaounguza nyusi ukiinama vibaya. Yeye hakuwasukuma wala hakuwaacha wakimbie. Aliwakalisha mbali na kazi mkononi, kila siku akisogeza vigoda vyao kidogo, na aliwaambia, "Usiondoke moto ukiwa umekutisha. Kaa mpaka hofu ichoke, ndipo uondoke." Nikamwambia afanye hivyo.

"Paka si moto," alisema.

"Ndiyo. Moto unaunguza kweli."

Alinitazama vibaya. Kesho yake alitoa kigoda chake, akakiweka upande wake wa michongoma, akaanza kupeta mchele huku anamtazama paka wangu kupitia matawi. Paka mwenyewe alikuwa jike mzee wa kijivu, mvivu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kulala kwenye kizingiti cha ghala. Siku zile za kwanza mchele uliomwagika ulizidi uliopetwa. Lakini hakuinuka mpaka moyo umetulia. Nilimwona akiweka kiganja kifuani kuupima. Baadaye alihamia upande wangu, karibu na geti. Siku moja paka aliruka ghafla kumfuata panzi, Mama Mpishi akatupa ungo akakimbilia kwake, na nikasikia mlango unafungwa kwa komeo. Nilidhani ndiyo mwisho. Asubuhi alikuja na mchele mwingine, amenuna, akaketi pale pale.

Siku ya kwanza kumgusa alimgusa kwa mwiko. Alinyoosha ule mpini taratibu, uso ameugeuza pembeni, na paka akainuka, akasugua shavu lake kwenye mti ule wenye harufu ya nyama, akafumba macho. Mama Mpishi aliuangalia mwiko wake, akamwangalia paka, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini mavumbini. Kidole chake kilifuata baada ya majuma. Aliugusa mgongo, akakiondoa haraka, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akarudi akaugusa tena.

Simu ikaja kwamba binti amejifungua mtoto wa kike. Tukapanda basi la Tunduru, mimi na yeye, na mwiko wake umelazwa chini ya viti.

Mkwe wake, mama wa yule kijana, alitupokea kibarazani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, mwenye heshima iliyo baridi. Akatuambia, "Karibuni. Chakula kipo, kama mtakula." Paka wa rangi ya chungwa alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka nyuma yake.

Mama Mpishi hakukaa. "Mkwe, kabla sijaketi nina neno. Siku ya harusi niliondoka bila kula. Mlisema nimedharau chakula chenu na dini yenu."

"Tulisema," mkwe akajibu.

"Niliondoka kwa sababu ya paka."

"Paka gani?"

"Yeyote. Nawaogopa tangu utoto. Hata sasa nazungumza nawe huku miguu inatetemeka."

Mkwe alimtazama miguuni. Pindo la kanga lilikuwa linacheza kweli, na hakukuwa na upepo. "Subhanallah," alisema polepole. "Siku ile mimi nililia, mkwe. Nilisema watu hawa wamekataa hata maji yetu." Akageuka kumwita mtu amtoe paka, ampeleke kwa jirani.

"Usimtoe," Mama Mpishi akamwambia. "Nikimkimbia leo nitamkimbia na mjukuu."

Ndani, mlango wa chumba ulikuwa wazi. Binti alikuwa amesikia yote. Tulipoingia alikuwa amekaa kitandani na mtoto mikononi, analia. "Mama, mbona hukuniambia?" Mama yake alisema alikuwa anaona aibu. Binti akasema, "Mimi nilikuwa nasali kila siku unisamehe." Sikusikia yaliyofuata, nilitoka nje. Mkwe naye alikuwa ametoka, tukaketi wawili, paka akiwa katikati yetu.

Nilikaa huko siku chache. Alasiri moja binti alikuwa anaoga, nami nilikuwa nakunja nguo za mtoto chumbani, Mama Mpishi ameketi mkekani kando ya godoro dogo alikolala mjukuu. Paka akaingia. Nilimwona Mama Mpishi anabadilika rangi. Nikainuka nimfukuze, akanizuia kwa kiganja. Paka alitembea hadi pale jua la dirishani lilipoangukia sakafuni, karibu kabisa na godoro, akajikunja akalala. Mama Mpishi aliweka mkono wake juu ya kifua cha mtoto. Nikaona mkono ule unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na midomo yake inakwenda, sijui alikuwa anasali au anamsemesha nani. Alikaa hivyo mpaka jua likahama, paka akaamka, akajinyoosha, akatoka zake. Mtoto alikuwa bado amelala, anapumua vizuri. Hapo ndipo alipoutoa mkono.

Alibaki huko hadi arobaini ya mtoto, akapika pilau ya akika pamoja na mkwe wake, wakagombana juu ya bizari na wakapatana kabla nyama haijaiva. Tangu hapo alikuwa akienda na kurudi. Miguu ilipoanza kuvimba na moto kumshinda, alihamia Tunduru kabisa. Mjimwema tulibaki tunapikiana wenyewe, na wali wetu ukawa unaungua.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka jana, msimu wa korosho. Nilimkuta kibarazani, amepungua mwili, kanga kichwani kama zamani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za kila nyumba. Nilimuuliza kama bado anaogopa. "Naogopa," alisema. "Si kama zamani, lakini naogopa. Nimezoea kuogopa nikiwa nimekaa."

Tukiwa katika mazungumzo hayo mjukuu akatokea ndani, anatembea kwa shida kwa sababu amembeba paka kwa mikono yote miwili, miguu ya nyuma inaburuzika sakafuni. Alikuja moja kwa moja hadi kwa bibi yake akamweka mapajani. Mama Mpishi aliinua mikono juu, viganja wazi, akabaki hivyo.

"Bibi, mshike," mtoto akasema. "Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Anakuogopa wewe."

Mama Mpishi alimtazama yule paka, ambaye kweli alikuwa ameinamisha masikio. "Basi tuko wawili," alisema.

Mikono ikashuka taratibu, mmoja, kisha wa pili, ikatulia mgongoni. Mtoto akaridhika akarudi kucheza. Paka alijizungusha, akajikunja, akalala. Mkwe wake akaita kutoka jikoni kwamba chai iko tayari, twende. Mama Mpishi aliniambia kwa sauti ya chini, ili asimwamshe, nimletee yake pale pale, maana yeye hawezi kuinuka.